Deni la Mabega

Ilipofika saa nne asubuhi, watu waliokuja kusimamisha stoo ya Kathuri walikuwa saba, na mmoja wao alikuwa Mzee Njoka ambaye mgongo wake haukuweza tena kuinua hata debe la maji. Mukiri, mke wa Kathuri na mama wa Sheila, aliwahesabu kutoka mlangoni pa jikoni, akarudi ndani, akatoka akawahesabu tena. Alikuwa amepika chakula cha watu sitini.

Stoo yenyewe ilikuwa imelala kwenye nyasi: kuta nne za mbao, zimeshapigwa misumari, zinangoja kuinuliwa. Hivyo ndivyo stoo za viazi zinavyojengwa upande huu wa Kibirichia. Fundi anaunda kuta chini wiki nzima, kisha Jumamosi kundi lote la wakulima linakuja, watu wanashika kamba na miti, firimbi inalia, na ukuta unasimama. Kufikia saa kumi jioni bati la mwisho limeshapigwa. Hakuna anayelipwa. Mwenye stoo huitwa mwenye siku, na mwenye siku haruhusiwi kushika hata nyundo. Anawekewa kigoda langoni, anakaa, anapokea salamu. Kazi yake ni kulisha watu tu. Na ukishakula chakula cha siku ya mtu, mabega yako yana deni kwake mpaka umwinulie kuta zake. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na kila mtu anaijua.

Kathuri alikuwa fundi wa kundi. Kwa miaka tisa yeye ndiye aliyepuliza firimbi, na stoo kumi na nne, kutoka pale hadi barabara ya lami, zilisimama kwa pumzi yake. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kigoda. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kanisani.

"Labda baridi ndiyo imewachelewesha," alisema.

"Baridi iko kila siku," Mukiri akamjibu. "Na kila siku watu wanaamka."

Wamuyu, jirani yao, ndiye aliyeleta habari. Hakuingia langoni. Alisimama njiani, kitambaa cha kufungia kichwa kikiwa mkononi.

"Mwenyekiti anapakia malori leo, Mama Sheila. Malori mawili ya Nairobi. Anatoa mia nane kwa kila mtu."

"Leo? Si yeye ndiye alipanga hii tarehe?"

"Ni yeye." Wamuyu aliangalia viatu vyake. "Hata mimi naenda huko. Unajua hiyo mia nane ni nini kwangu."

Mwenyekiti huyo wa kundi aliitwa Mbaabu. Alinunua viazi vya wenzake kwa magunia ya lumbesa, yale yanayofumwa kilemba cha nyavu juu hadi gunia moja linameza karibu gunia na nusu, na mkulima akilipwa, analipwa la moja. Stoo yake ilikuwa kubwa kuliko zote, na iliinuliwa na kundi lilelile, kwa firimbi ileile ya Kathuri, bila yeye kutoa hata shilingi. Mtu wa aina hiyo huwa hasahau alichofanyiwa. Huona tu kwamba alistahili.

Wale saba walijaribu. Waliinua ukuta mmoja hadi magotini, mikono ikatetemeka, ukawaponyoka na kuvunjika pembe. Mzee Njoka akawaambia waache kabla mtu hajaumia. Kathuri hakuinuka kwenye kigoda, kwa sababu ilikuwa siku yake na sheria ni sheria.

Saa saba pikapu ya Mbaabu ikasimama langoni.

"Kathuri! Bado uko kwa kiti? Kaa, kaa, ni siku yako." Alicheka kicheko cha mtu asiye na kinyongo na yeyote, na hicho ndicho kilichomchoma Mukiri zaidi. "Sasa sikia. Watu wangu hawajakula. Huku kuna chakula na hakuna watu, kule kuna watu na hakuna chakula. Si tusaidiane?"

"Hiyo chakula ni ya kuinua stoo, Mwenyekiti," Mukiri alisema. Mwiko ulikuwa bado mkononi.

"Na stoo itainuliwa, Mama Sheila. Tutapanga siku ingine. Nani amekataa?"

Mukiri alimtazama mumewe. Alitaka neno moja tu, hata likiwa dogo, hata likitoka kwa sauti ya chini. Kathuri alikuwa akizitazama nyasi.

"Chakula isiharibike bure," Kathuri alisema.

Zilikuwa sufuria tatu kubwa: ya mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, ya mchuzi wa mbuzi na ya wali. Kathuri aliinuka akasaidia kuzipandisha kwenye pikapu. Ndicho kitu pekee kilichoinuliwa siku hiyo.

Jioni sufuria zilirudishwa, zikashushwa nje ya lango kama takataka. Hakuna aliyezimwagia hata maji. Mukimo ulikuwa umekaukia kingoni, nzi wamejaa, na ndani ya ile ya mchuzi mtu alikuwa amezima sigara kwenye mafuta yaliyoganda. Mukiri alizikokota hadi mferejini, akachota majivu, akapiga magoti. Aliziosha peke yake mpaka kucha zikauma. Hakulia. Hasira aliyokuwa nayo haikuacha nafasi ya machozi.

Siku nyingine haikupangwa. Kila Kathuri alipouliza, Mbaabu alisema kundi lina shughuli. Viazi vyao vilichimbwa mwezi huohuo wa Februari, na kiazi hakingoji mtu: jua likikipiga kinageuka kijani na kuwa kichungu, mvua ikikinyeshea kinaoza. Bila stoo, huna la kufanya ila kuuza kwa yeyote atakayekuja, kwa bei atakayokuja nayo. Aliyekuja ni Mbaabu, na magunia yake ya lumbesa. Kathuri mwenyewe ndiye aliyemshikia kamba akifunga.

"Ungemwambia hapana ile siku," Mukiri alimwambia walipobaki wawili.

"Ningemwambia hapana, chakula ingeenda wapi?"

"Kwa mbwa. Mbwa wangekula na wangenitingishia mkia."

"Mama Sheila, hii maneno tuachie Mungu."

"Mungu ako na kazi nyingi. Hii nitamsaidia."

Hakuwa akitania. Tangu siku hiyo, kila Jumapili kanisani, kwenye Sala ya Bwana, wenzake walipofika pale pa kusamehe waliotukosea, Mukiri alifunga mdomo, akangoja mstari upite, kisha akajiunga nao kwenye majaribu. Hakutaka kumdanganya Mungu. Kuta nne zilibaki uani, Kathuri akazifunika kwa karatasi ya nailoni na kuiwekea mawe, na kila alipopita kwenda kukama ng'ombe Mukiri alizitazama ili asije akasahau. Hapo ndipo pangekuwa na viazi vyake.

Mwezi wa nane upepo wa Buuri ulishuka na kelele zake. Ulivunja migomba, ukang'oa paa la choo cha shule, na Jumatano adhuhuri ukaibeba stoo ya Mbaabu. Mabati yaliruka hadi kwenye shamba la ngano. Kuta zililala upande mmoja, nguzo zimekatika chini kabisa. Mukiri alikuwa akipalilia aliposikia habari. Alisimamisha jembe akacheka, peke yake katikati ya mistari ya viazi, akacheka mpaka akashika mbavu. Anayetaka kumlaumu na aoshe kwanza zile sufuria.

Siku ya pili Mbaabu alikuja kwa miguu. Alikuwa na kilo mbili za sukari na mkate.

"Fundi, nimefika," alisema. "Niko na magunia mia mbili iko chini ya turubai. Mafundi wa Meru mjini wanasema ningoje wiki tatu. Wiki tatu nitakuwa nauza uozo. Uniundie kuta, na Jumamosi ijayo unipulizie firimbi."

Kathuri alifungua mdomo, lakini Mukiri alimtangulia.

"Tutakuja, Mwenyekiti. Hata mimi nitazunguka niite watu. Hakuna mtu atabaki nyumbani."

Mbaabu alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mama Sheila, wewe ni mtu ya maana. Yale mambo ya zamani..."

"Mambo gani?" Mukiri aliuliza, akapokea sukari.

Alipoondoka, Kathuri alimgeukia mkewe, uso umejaa matumaini. "Umemsamehe?"

"Nimekubali kwenda. Kusamehe ni kitu ingine."

Wiki nzima, mumewe akiwa kwa Mbaabu anaunda kuta, Mukiri alizunguka. Aliingia nyumba kwa nyumba na kwa kila mmoja aliuliza swali moja: "Ile siku ya Februari, ulikula mukimo yangu?" Watu wazima walijikuna shingo. Wengine walijifanya hawakumbuki, naye akawakumbusha walikuwa wamevaa nini.

"Nilikula," Wamuyu alikiri. "Lakini haikushuka vizuri."

"Ilishuka. Basi uko na deni yangu kwa mabega. Jumamosi nitaidai. Nikiongea, usiangalie chini."

Kwa Mzee Njoka alikaa muda mrefu, kwa sababu bila yeye neno lake lingekuwa la mwanamke mwenye hasira tu.

"Ni sheria," mzee alisema mwishowe. "Lakini hiyo yako ni chungu."

"Nimeionja, Mzee. Najua ladha yake."

Jumamosi hiyo walikuja sitini na zaidi. Mbaabu alikaa kwenye kigoda langoni, amevaa koti jipya, akisalimia kila mtu kwa jina. Moshi ulipanda kutoka jikoni kwa Lorna mkewe. Magunia mia mbili yalikuwa yamepangwa chini ya turubai, na angani mawingu yalikuwa yakishuka kutoka mlimani, mazito, ya kijivu.

Watu walishika kamba za ukuta wa kwanza. Kathuri alitia firimbi mdomoni.

"Ngoja, Baba Sheila," Mukiri alisema, akasimama juu ya mbao mahali kila mtu alipomwona. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa ameifanyia mazoezi miezi sita. "Hapa hakuna mtu amekula chakula ya Mbaabu bado. Ni ukweli ama si ukweli?"

"Ni ukweli," wakajibu.

"Na Februari nyinyi wote mlikula yangu. Mukimo, mbuzi na mchele. Chakula ya kuinua stoo. Iliinuliwa?"

Mbaabu alikuwa ameshaondoka kwenye kigoda. "Mama Sheila, hii si siku ya..."

"Mwenyekiti, rudi kwa kiti. Kaa, kaa, ni siku yako." Kisha akawageukia watu. "Mabega yenu iko na deni kwangu. Deni ya kwanza inalipwa kwanza. Kuta zangu ziko kwa nyasi, mnajua njia."

Wote walimtazama Mzee Njoka. Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Anadai haki yake," akasema.

"Elfu moja!" Mbaabu alipaza sauti. "Kila mtu elfu moja, sasa hivi, na mkononi!"

Hapo Mukiri aliona mambo yakimponyoka. Elfu moja ni pesa. Ni mafuta, ni unga, ni deni dukani. Aliona mikono ikikaza kamba, akaona macho yakienda kwenye mfuko wa koti jipya. Ikiwa wangebaki, asingekuwa na uso wa kutembea nao katika njia za kijiji hicho tena, wala asingepata stoo maishani mwake.

Wamuyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachia kamba. "Elfu moja naitaka sana," alisema. "Lakini nimechoka kujificha kwa mahindi kila nikiona Mama Sheila anakuja." Akajipangusa mikono kwenye sketi, akatoka langoni. Wakamfuata wawili, kisha kumi, kisha wote, na miti yao mabegani.

Kathuri alibaki amesimama na firimbi mdomoni. Mukiri hakuwa amemwambia lolote, kwa kuwa alimjua. Akamshika mkono, akamwongoza nyumbani kwake, akamkalisha kwenye kigoda.

Mzee Njoka ndiye aliyepuliza. Pumzi zake zilikuwa chache na firimbi ilitoka kama kifaranga, lakini sitini walivuta pamoja, na ukuta ukapanda. Ile pembe iliyovunjika Februari ilifungwa kwa ubao mpya. Ukuta wa pili, wa tatu, wa nne. Kathuri alilia waziwazi, machozi yakishuka kwenye ndevu ambazo leo hakuwa amezinyoa, wala hakuyafuta.

Saa nane watu walianza kuuliza chakula. Jikoni kwa Mukiri hapakuwa hata na moto. Alikwisha kuwalisha mara moja, na hakuwa na nia ya kuwalisha mara mbili kwa kazi moja. Alimwita Wamuyu, akampa mkokoteni wa punda.

"Nenda kwa Mwenyekiti, umwambie kule kuna chakula na hakuna watu, huku kuna watu na hakuna chakula. Umwambie tusaidiane. Chakula isiharibike bure."

Mkokoteni ulirudi na sufuria tatu. Lorna mwenyewe ndiye aliyezipakia, Wamuyu alisema, na Mbaabu alikuwa amekaa tu kwenye kigoda chake, haongei. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Watu walikula mpaka wakafungua mishipi, na Mukiri alikula kuliko wote.

"Sasa mabega yetu iko na deni kwa Mbaabu," Mzee Njoka alisema, akijipangusa mdomo. "Tumekula. Lazima turudi tumwinulie."

"Tutarudi, Mzee," Mukiri alisema. "Jumatatu. Kesho ni siku ya Mungu."

Mzee aliyatazama mawingu, kisha akamtazama yeye. Manyunyu yalikuwa yameanza kugonga mabati mapya. Mukiri aliyasikiliza kama mtu anayesikiliza salamu za redioni na jina lake limetajwa.

Jumapili baada ya ibada alimkuta mumewe mferejini. Alikuwa ameosha sufuria mbili za Lorna zikang'aa, na mkono ulikuwa umeshaingia ndani ya ile ya tatu.

"Toa mkono," Mukiri alisema.

"Mama Sheila, stoo iko. Yake inanyeshewa. Nilikaa kwa hicho kiti, najua vile kunakaa."

"Wewe ulikaa. Mimi niliosha."

Kathuri aliutazama mkono wake uliojaa majivu. Ilikuwa kana kwamba miezi yote sita hakuwahi kujiuliza ni nani aliyeziosha zile sufuria. Alisimama polepole, akaiacha ile ya tatu chini.

Jumatatu asubuhi walirudi kwa Mbaabu wote, hata mmoja hakukosa. Harufu iliwapokea langoni. Turubai lilikuwa limevuja upande mmoja na magunia arobaini yalikuwa yakichuruza maji meusi. Mbaabu alikuwa kwenye kigoda, koti jipya limejaa matope. Mawingu yalikuwa yamerudi, na kila mtu aliona kwamba wana saa chache.

Mukiri aliingia wa mwisho, ile sufuria ya tatu kichwani. Aliishusha mbele ya Lorna. Mukimo ulikuwa umekaukia kingoni, nzi wamejaa.

Lorna aliitazama. Alichukua steelwool ya kusugulia dirishani, akachota maji, akapiga magoti.

Mukiri alikuwa ameingoja saa hiyo tangu Februari. Ilikuwa tamu, kweli ilikuwa tamu, kwa muda ambao mtu huhesabu hadi kumi. Kisha akaviona vidole vya Lorna, kucha zimekatika kama zake, na utamu ukageuka mdomoni. Mwanaume amekaa kwenye kigoda. Mwanamke amepiga magoti. Februari ilikuwa hivyohivyo, na ikiwa ataondoka sasa itakuwa amemlipizia kisasi mtu asiyemkosea.

Aliinama akamwondolea Lorna ile steelwool mkononi. Akaichukua sufuria, akaibeba hadi langoni, akaiweka katikati ya miguu ya Mbaabu.

"Osha."

Mbaabu alicheka kidogo, akatazama kulia na kushoto kutafuta mtu wa kucheka naye. "Mwenye siku hashiki kifaa, Mama Sheila. Unajua sheria."

"Sufuria si nyundo."

"Mvua inakuja! Fundi, piga firimbi! Watu wako kwa kamba!"

Watu walikuwa wameshika kamba kweli, sitini, miguu imekazwa kwenye matope. Kathuri alikuwa mbele yao, firimbi mdomoni. Alimtazama Mbaabu, akamtazama mkewe. Kisha akaitoa firimbi mdomoni, akaipangusa kwa shati, akaitia mfukoni. Mukiri hakuwahi kumpenda mwanaume huyo kama alivyompenda wakati huo.

Tone la kwanza lilianguka kwenye turubai, likafuatwa na la pili.

Mbaabu aliteremka kwenye kigoda. Kwanza alichuchumaa ili asichafue suruali, lakini sufuria ilikuwa kubwa na ilimlazimu kupiga magoti. Alisugua. Maji yakawa ya kijivu. Hakuna aliyecheka, wangecheka ingekuwa nafuu kwake. Sauti iliyosikika ni ya chuma tu, na pumzi zake. Alipomaliza, aliinua sufuria kwa mikono miwili akamwonyesha, uso umemwiva.

Kathuri alirudisha firimbi mdomoni, lakini hakupuliza. Alikuwa akimngoja mkewe.

Mukiri aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kingoni mwote bila haraka. Kisha akaipindua, akamrudishia.

"Na chini pia," akasema.